Siku Baba Alipohesabiwa Vumbi

Baba yangu hajawahi kupunguza kitu maishani isipokuwa sukari, na hata hiyo alilazimishwa. Akikuambia amekula samaki, jua zilikuwa omena, vile vidagaa vidogo. Alikuwa fundi wa kuezeka enzi zile asbesto ilipokuwa fahari ya mji, yale mabati ya kijivu, mazito, yasiyopiga kelele mvua ikinyesha. Aliyakata kwa msumeno wa mkono. Jioni akirudi nyumbani Kaptembwo, mtaa wetu wa Nakuru, alikuwa mweupe kuanzia nywele hadi viatu, na sisi watoto tulimuuliza kama ameangukia gunia la unga.

Sasa amezeeka, na mwaka huu kikohozi kilimwingia kikakataa kutoka. Tulijaribu tangawizi, limau na asali. Shangazi akaleta mizizi kutoka magharibi, ikamharisha siku nzima, na kikohozi kikabaki palepale. Kanisani alikohoa katikati ya wimbo, waimbaji wa besi wakadhani ndiyo zamu yao, wakaingia.

Hatimaye tulimpeleka kliniki mjini. Daktari aliposikia neno asbesto aliacha kutabasamu. Akatuambia turudi baada ya wiki na mtu anayeijua vizuri historia ya Baba, ili akadirie ni vumbi kiasi gani lililoingia mapafuni na hatari yake ya kansa ni kubwa kiasi gani. Mimi, kifungua mimba, niliogopa. Mama aliogopa zaidi, ndiyo maana wiki nzima alikuwa mkali.

Siku ya kurudi tulienda na Mama, na Baba alivaa suti na tai. Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Mtu aliyesimama ujana wake wote kwenye mageti ya viwanda vya Nakuru akitafuta kibarua anajua sheria moja: aliyekaa nyuma ya meza akikuuliza una uzoefu wa miaka mingapi, ongeza. Asiyeongeza anarudi nyumbani mikono mitupu. Na huyu daktari, maskini, alikuwa amekaa nyuma ya meza.

"Mzee, hii kazi ya asbestos umefanya miaka mingapi?"

Baba alikaza tai. "Daktari, wewe niulize ni nyumba gani sijafanya. Hapa town ni mimi. Naivasha ni mimi. Ndabibi huko kwa mashamba, ni mimi."

"Ni wewe mwenyewe ulikuwa unakata?"

"Peke yangu. Hao wengine walikuwa wanaangalia tu, wajifunze."

"Na mask?"

"Mask ni ya watu waoga."

Daktari, msichana mpole mwenye kalamu ya haraka, aliandika yote. Kila sifa aliyojipa Baba ilizidisha hatari, nami nikamwona anajisifu moja kwa moja hadi kaburini. Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akanitazama kwa hasira, akaongeza shule mbili na godauni, kila jengo na miaka yake.

Mwishowe daktari alijumlisha, akaangalia umri, akajumlisha tena. "Mzee, kwa hii hesabu ulianza kazi kabla uzaliwe."

"Nilikuwa najituma," Baba akasema.

Zamu ya sigara ikafika. Hapo fundi wetu, aliyeongeza tangu asubuhi, akageuka bahili ghafla. Hajui sigara. Ameokoka.

"Kuokoka aliokoka," Mama akadakia, "lakini koti lake halikuokoka. Mimi hulinusa kila Jumapili."

"Hiyo ni moshi ya majirani."

Daktari alitueleza polepole kwamba asbesto na sigara zikikutana kwenye pafu moja hazijumlishwi, zinazidishana. Akasema pia kwamba makadirio si hukumu. Yanasaidia kujua nani apigwe picha ya mapafu mapema, kabla mambo hayajaharibika. Basi Baba akakubali mbili tatu kwa wiki, Mama akasema pakiti, wakakorofishana mpaka mgonjwa wa nje akachungulia mlangoni.

"Hata hiyo vumbi, daktari, niulize mimi," Mama akasema, sasa amepata moto. "Si mimi ndio nilikuwa nafua hizo ovaroli? Ilikuwa mingi. Nilikuwa nazikung'uta kwanza hapo nje, ndio niloweke."

"Ulikuwa unazikung'uta aje, mama?"

Mama hakuona haja ya maneno. Alisimama, akachomoa koti jeupe la daktari msumarini, akalishika mabega na kulipiga ukutani, pa, pa, pa, uso ameukunja, kalenda ikaanguka. Nilicheka hadi machozi yakanitoka. Baba alicheka akakohoa. Daktari hakucheka.

"Kila siku?"

"Sasa ningemwacha aende kazi na nguo chafu? Watu waseme hana bibi?"

Daktari aliinuka, akavuta kiti kingine hadi mbele ya meza. "Mama, na wewe keti hapa. Hiyo vumbi ulikuwa unaivuta pia."

"Mimi? Mimi si mgonjwa. Mimi nimeleta huyu."

Lakini aliketi, koti la watu bado mikononi. Kicheko kilinikauka. Tulikuwa tumemwogopea mtu mmoja tu, kumbe wako wawili. Daktari alimgeukia Baba akasema waanze upya hesabu ya vumbi, kwa sababu lake ndilo lililofika nyumbani.

Baba alilegeza tai.

"Daktari, unajua, haikuwa mingi hivyo," akasema. Sauti yake sikuitambua. "Mimi hata sikuwa nakata sana. Nilikuwa nashikilia ngazi. Hizo nyumba zingine ni za watu. Mimi nilikuwa napita tu hapo, naangalia."

Alizifuta nyumba zake zote, moja baada ya nyingine, huku akimtazama Mama. Mjini akabakiza choo kimoja.

Mama alilikunja koti, akaliweka mezani.

"Asikudanganye, daktari. Huyu mzee alifanya kazi. Alikata hizo mabati mpaka mikono ikapasuka, na watoto wangu wote walisoma na hiyo vumbi. Andika yote. Na yangu uandike."

Baba aliinamisha kichwa. Ndiyo mara ya kwanza niliyomwona akisifiwa asiongeze neno.