Furu wa Mchuzi wa Uzazi

Harufu ya furu wanaokauka juani haikuwa nzuri, nisiwadanganye, lakini kwetu pwani ya ziwa, upande wa Magu, ilikuwa harufu ya nyumba yenye chakula. Tuliwatunga vijitini, samaki wadogo kama vidole, tukawaanika juu ya mawe. Mama yangu, Nyamizi, aliwajua wote kwa majina. Yule mwenye kifua chekundu alikuwa Bwana Harusi. Anayekwangua ukoga maweni, Kinyozi. Anayevunja konokono, Meno-Chuma. Na wengine, na wengine. Wote furu, lakini kila mmoja na kazi yake, kama watu wa kijiji.

Mvua za mwaka aliozaliwa mdogo wangu Masanja, mama alikauka maziwa. Mtoto alilia mpaka sauti ikawa nyembamba, halafu akaanza kunyamaza, na huko kunyamaza ndiko kulikotutisha. Bibi Nyanzobe, mama yake baba, akasema mzazi anywe mchuzi wa furu wabichi, akanichukua ziwani na ndoano. Wa kwanza niliyemvuta alikuwa amevimba mashavu. Furu jike huficha watoto wake kinywani, na kwetu wa namna hiyo haliwi.

“Mrudishe,” bibi akasema.

“Na Masanja je, bibi?”

“Masanja ana mama mmoja, na hao nao mama yao ni huyo. Tupa ndoano tena. Au umekuja kubishana na samaki?”

Nikamrudisha huku nalia. Jua halijasogea sana, kijiti changu kikawa kimejaa. Mama alikunywa mchuzi siku ile na zilizofuata, maziwa yakarudi. Masanja sasa ni mzee wa Kisesa, anagombana na majirani kila kukicha.

Sangara, samaki mgeni aliyeletwa ziwani, alifika kwetu nikiwa mtu mzima mwenye watoto. Tulipoanza kumvua tulipiga vigelegele: samaki mmoja anabebwa na wanaume wawili! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Hatukujiuliza mwili ule unakula nini. Siku hizi viwanda vya Mwanza vinachukua minofu inakwenda Ulaya, sisi tunakaanga mapanki, yaani mifupa na kichwa. Mjukuu wangu Kabula, anayesoma sekondari, ameniambia kwamba zamani sana viumbe wengi walikufa kwa mkupuo duniani: mara volkano, mara baridi kali, mara jiwe kutoka angani. Nikamwambia hapa kwetu halikuanguka jiwe. Furu waliondoka ndani ya umri wa mtu mmoja, tena tukiwa tumesimama ufukweni na nyavu zetu.

Mwezi uliopita dada yake, Minza, alijifungua, na maziwa yakagoma. Nilikwenda mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, kutafuta Kinyozi, Meno-Chuma, yeyote. Muuza samaki, kijana mwenye adabu, alinisikiliza hadi mwisho. “Samahani bibi. Hao unaowataja sijawahi kuwaona. Chukua kichwa cha sangara, kina mafuta.”

Nilikichukua, nikakichemsha. Minza alikunywa, na mtoto, namshukuru Mungu, ananyonya. Juzi Minza, akiwa na bakuli mkononi, aliniuliza ule mchuzi wa mama yangu ulikuwa na ladha gani. Nilitaka kumwambia ulifanana na wa samaki fulani, nikapitisha moyoni samaki wote waliobaki sokoni, nisimpate hata mmoja. Nikamwambia anywe tu, unapoa.