Azalia na Maji ya Kisima

Juzi nilikuwa nimechoka kukaa kwenye benchi la ofisi ya kilimo, Kwale, alipoingia mzee mmoja kutoka Diani amekumbatia kopo. Ndani mlikuwa na mche wa azalia, ua la Kizungu, majani yote yamegeuka manjano.

"Shikamoo, mzee. Mche umepatwa na nini?" akauliza bwana shamba.

"Marahaba. Umenyweshwa maji ya kisima."

Akaeleza polepole. Alikuwa akimtunzia bustani Mzungu aliyeondoka mwaka wa Uhuru. Kabla bustani haijafyekwa, alihamisha chavua ya azalia nyekundu hadi ua la azalia nyeupe kwa unyoya wa kuku, akapanda mbegu zake, ndogo kama ugoro. Miaka minne aliinywesha miche maji ya mvua tu, maana visima vyetu vina chokaa, inayoua azalia. Ukabaki huu mmoja, na mwaka huu ulianza kutoa tumba. Kisha akafiwa na nduguye, akaenda Jego kukaa matanga. Jirani yake, bibi mjane, akaumwagilia kila asubuhi.

"Hukumkanya?"

"Amenifanyia wema nikiwa msibani, nirudi nimkanye?"

Bwana shamba akaligeuza jani kwa ncha ya kalamu, akatikisa kichwa. Dawa hakuna.

Mzee akalisukuma kopo upande wa pili wa kaunta. "Basi kaa nalo. Nitamwambia yule bibi mche ulipendeza mno, Serikali ikauchukua."

Akatoka, mikono imekunjwa kifuani kana kwamba bado amelikumbatia kopo.

Nimesikia uongo mwingi kwenye kaunta ile, mwingine wangu mwenyewe. Huo ndio wa kwanza ambao msemaji hakujitakia chochote.