Chupa ya Mfaransa

Mtumishi mmoja, aliyekuja Maskati na mkewe kutoka Unguja baada ya mapinduzi, alihudumu mezani kwa Mfaransa mmoja, akimimina mvinyo mwekundu kwa mkono wa kushoto tu, chupa kaizungushia kitambaa. Wa kulia ulikuwa wa kulia chakula na kushika tasbihi. Siku hizi watumishi huvaa glavu, mikono yote sawa. Kabla wageni hawajafika aliivika chupa soksi iliyolowa, akaitundika dirishani, kama tulivyopoza maji ya kunywa. Bwana wake hakuchoka kuusifu mvinyo ule wa Bordo, mzito, wenye harufu ya udongo wa shamba la babu zake. Akiunusa alifumba macho, na mtumishi alisimama na sahani zake mpaka ayafumbue.

Mchana mmoja wa mwaka sitini na saba mgeni aliipiga kumbo chupa, nayo ilikuwa ya mwisho mpaka meli ije. Mtumishi akaidaka kwa mkono wa kulia, mtupu, mvinyo ukamrukia kanzu kifuani. Nyumbani mkewe, Kheiria, alilinusa lile doa.

"Umeanza, Baba Suud?"

"Sijaanza. Nimeidaka isivunjike."

"Ungeiacha haramu ikamwagika. Majirani wakikuona hivyo?"

"Nnajua. Lakini yule akinusa huwa yupo kwao, mwenzangu. Mie cha kunifikisha kwetu sina."

Kheiria aliifua kanzu kwa mikono yake, akaianika chumbani, mlango kaufunga.