Saumu ya Mama Mkwe

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi ile mume wangu aliporudi nyumbani kabla jua halijapanda, akakaa kwenye kibaraza, kofia mkononi, asinisalimu. Shomari alikuwa dereva wa lori la tajiri mmoja hapa Bagamoyo. Alipeleka mbata za nazi na samaki wakavu Dar es Salaam, akarudi na sukari, unga, mafuta ya taa na majora ya nguo. Vita vya pili vya Wazungu vilikuwa vimepamba moto. Petroli ilitolewa kwa kibali, na debe la kupatikana pembeni lilikuwa na bei ya kumtisha hata mwenye mali.

"Tajiri kasema safari ni moja kwa juma," akaniambia. "Na ujira ndiyo hivyo tena, utafuata safari."

Mimi nilikuwa na watoto wawili, Zuhura na mdogo wake wa kunyonya. Nilikuwa napika kwa kuni. Petroli inanihusu nini? Jibu nilikwenda kulipata dukani. Kila kilichopanda lori kilipanda bei. Hata muhogo wa Kiwangwa, uliokuja kichwani mwa mtu, nao ulipanda, maana aliyeulima alikuwa akinunua chumvi na nguo kama sisi. Bandu bandu huisha gogo, mwanangu. Hatukuiona siku tuliyoishiwa. Tuliona tu kwamba leo si kama jana.

Shomari alikuwa mtu mwema, usije ukamfikiria vibaya. Alikuwa na jambo moja tu: hakutaka watu wajue. Kila baada ya swala ya alasiri rafiki zake walikuja kuketi barazani kwetu, na walizoea kahawa na kashata, na chai ya maziwa siku ya Ijumaa. Hilo hakulipunguza. "Wakikuta birika tupu watasema Shomari kaishiwa," alisema. Basi tukabana ndani ili nje pasionekane. Wali ukawa wa kubahatisha, kitoweo kikawa mchuzi mtupu, na taa tukaizima mara tu baada ya isha.

Mama yake, Bi Mwanahawa, alikuwa mjane, akikaa nasi na kulala chumba kimoja na Zuhura. Siku zile akaanza kufunga. Kwanza alisema analipa siku zake za Ramadhani. Kisha akafunga sunna, Jumatatu na Alhamisi. Kisha ikawa karibu kila siku. Nani atamuuliza mtu mzima habari za ibada yake? Magharibi alichukua sahani yake akaingia nayo chumbani. "Nitafuturu huku, nipate na nafasi ya kuvuta uradi," alisema. Sahani ilirudi safi, nami moyoni nikashukuru kwamba angalau yeye anakula vizuri.

Jioni moja nikampelekea maji ya kunywa, na kwa haraka zangu sikubisha hodi. Nikamkuta Zuhura ameketi mkekani, anakula kwenye sahani ya bibi yake. Bibi mwenyewe amekaa kitandani anamwangalia, mkononi ana tende moja aliyokwisha kuiuma nusu.

"Mama, na wewe?"

"Mimi nimeshakula."

"Umekula nini?"

Akanishika mkono, na vidole vyake vilikuwa vyepesi kama vya mtoto. "Mkwe wangu, huyu anakua. Mimi nimekwisha kukua. Usimwambie mwanangu, ana mzigo wake. Ukimwambia utamvunja."

Nikatoka. Uani, jiko la kahawa ya wageni lilikuwa bado halijapoa.

Mwanangu, mkwe kumvunjia mama mkwe siri ni jambo zito. Nilifunzwa unyagoni kwamba neno lake ni amri. Lakini kesho yake, Ijumaa, wageni walipoketi barazani na Shomari akaja uani kuulizia birika, nilimwambia, "Leo hakuna birika, Baba Zuhura. Nenda kamtazame mama yako. Mshike."

Akaniona kama niliyerukwa na akili. Akaenda. Bi Mwanahawa alikuwa amejilaza, midomo imempasuka kwa ukavu. Shomari akamwinua aketi, na mikono yake ikakutana na mifupa. Sikupata kumsikia mwanamume akilia vile. Mama akanigeukia kwa hasira: "Nilikwambia nini?"

Kilio kilifika nje. Mzee Sefu, mwalimu wa chuo aliyemfundisha Shomari Kurani, akabisha hodi akaingia mpaka ukumbini. Shomari akamweleza yote, kichwa chini.

"Shomari, sisi tulikuwa tunakuja kukutazama wewe au kulitazama birika lako?" Mzee akauliza. "Kwangu kahawa imekwisha tangu mwezi wa mfungo sita. Hao walioketi nje, kila mmoja anamficha mwenziwe jambo lile lile. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Wewe ulikuwa unangoja kilio gani?"

Hakusema kwa ukali. Lau angefoka, pengine yasingeuma vile.

Tangu siku ile watu waliendelea kuja barazani, wakanywa maji ya mtungini, na mazungumzo hayakupungua ladha. Ndani tuliketi sote na Bi Mwanahawa, tukaulizana nini kiondoke na nini kibaki. Sukari ikaondoka. Nguo za Idd tukazisahau. Nyuma ya nyumba tukapanda muhogo na kunde. Na sahani za kila mtu peke yake nikazipandisha juu ya kabati. Tukala sinia moja, kila mmoja akiuona mkono wa mwenziwe ukienda mdomoni.

Bi Mwanahawa aliishi mpaka vita vikaisha, ila miguu haikupata nguvu tena. Alikwenda msalani kwa kushikwa. Alininunia muda mrefu. Siku moja tukiwa tunakula, alimega kipande cha samaki, akakisukuma upande wangu wa sinia. "Kula," akasema. "Unanyonyesha." Nikakichukua, nikala.

Leo nasikia petroli imepanda tena, na nauli, na unga. Itashuka na itapanda. Hilo haliko mikononi mwako. Kilicho mikononi mwako ni kuwaambia wa nyumbani kwako ukweli mapema, kabla kila mmoja hajaanza kubeba lake kimyakimya. Unapopunguza, anza na kile unachowaonyesha watu, chungu kiwe cha mwisho. Na ukimwona mtu katika nyumba yako hana haja ya kitu, kila siku yeye ndiye aliyeshiba, usimshukuru ukapita. Mzigo wa mwenzio ni kanda la sufi: wewe wauona mwepesi, kumbe waweza kumwelemea hadi akaanguka nawe huna habari. Keti naye. Mtazame mikono.

Mungu akupe riziki ya halali, mwanangu, na ikiwa ndogo akupe watu wa kuila nao. Asikujaalie aibu iliyo kubwa kuliko huruma yako. Amina.