Nani Anaiozesha Begonia ya Mama?

Jamani, leo nimemkamata anayeua ua la marehemu mama!

Ni begonia, iko kwenye ndoo kivulini, nyuma ya nyumba yetu hapa Iringa. Kiangazi naimwagilia kila baada ya siku mbili. Baridi hii, mara moja kwa wiki inatosha.

Ajabu, kila asubuhi nakuta udongo umelowa chepechepe. Majani yanaoza.

Nikamshuku jirani. Aliniomba mche, nikakataa.

Leo nikajibanza dirishani. Akatokea baba na kikombe cha maji!

"Baba, unaiozesha!"

Akashtuka. "Mama yako alipokuwa anaumwa aliniomba maji. Daktari alikuwa amekataza. Nikamnyima."



Nimechukua msumari, nikaongeza matundu chini ya ndoo ili maji yapite.

Kumkataza siwezi. Ninyi mngeweza?