Abiria wa Ghorofa ya Nne

"Andika kabisa, tena kwa herufi kubwa ukipenda: programu yangu haijawahi kukosea."

Ni saa nne na dakika ishirini na tano asubuhi. Anayemwambia hivyo mwandishi wa gazeti ni fundi wa lifti wa hospitali, mwanamke wa miaka arobaini na mitatu. Amevaa ovaroli ya buluu, bisibisi mfukoni, na kompyuta yake ya mkononi imelazwa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Amesimama ghorofa ya chini mbele ya lifti namba mbili, kifua mbele, kama mama wa bibi harusi anayengoja wakwe.

Neno halijapoa mdomoni, lifti inafunga milango. Haina mtu ndani, na hakuna aliyeiita. Inaanza kupanda yenyewe: moja, mbili, tatu, nne. Huko juu inafungua milango na kutulia tuli.

Wakati huohuo mlango wa mapokezi unasukumwa kwa machela. Juu yake yuko mama mjamzito, ameng'ang'ania vyuma vya pembeni kwa mikono miwili. Chumba cha kujifungulia kiko ghorofa ya pili. Lifti namba moja imebeba mitungi ya oksijeni. Mhudumu wa machela anabonyeza kitufe cha namba mbili, anabonyeza tena, anabonyeza kama anayepiga mlango wa mdeni wake.

"Fundi, lifti yako iko wapi?"

Fundi anahesabu kimyakimya, midomo tu ndiyo inayocheza. Lifti inarudi baada ya sekunde hamsini na mbili. Kwa mtu anayesoma gazeti ni muda mfupi. Kwa yule mama, aliyengoja huku ameuma pindo la shuka, haukuwa mfupi hata kidogo.

Msimamizi wa majengo, mwanamume anayetembea na funguo nyingi kiasi kwamba husikika kabla hajaonekana, ameshuhudia yote.

"Kesho wageni wako wanakuja saa ngapi?"

"Saa nne, bosi."

"Nitakuwa hapa. Ikipanda tena bila mtu kuiita, naizima programu yako mbele yao. Hii ni hospitali, si maabara ya chuo."

Anaondoka, funguo zikimpigia makofi.

Wageni wenyewe ni watahini watatu wa chuo kikuu. Fundi huyu anasomea shahada ya sayansi ya kompyuta, ile ya daraja la juu, ambayo haitolewi bila mradi unaofanya kazi. Asiyepita mradi hupewa shahada ya kawaida, anapigiwa makofi na kwenda zake.

Amesoma miaka saba, kozi moja moja, robo ya mshahara wake ikiishia chuoni. Kifungua mimba wake alianza chuo miaka mitatu baada yake na akamtangulia kumaliza. "Siku ya mahafali yake alinishika bega," anasimulia, "akaniambia, 'Mama, usikate tamaa, na wewe utafika.' Mtoto niliyemfundisha kufunga kamba za viatu!"

Mume wake, fundi cherehani, ana lake: "Nilioa fundi lifti. Sasa naishi na mwanafunzi. Nikimuuliza chumvi iko wapi, ananiambia nisubiri, anapanga orodha."

Lakini shahada ya kawaida haimtoshi, na sababu iko magotini. Kwa miaka kumi na tisa amepanda ngazi ya chuma kwenda chumba cha mitambo juu ya paa, hata mara kumi kwa siku. Daktari amemwambia magoti hayo yamebakiza miaka miwili, mitatu akiyabembeleza. Hospitali inatafuta mtu wa ofisi ya mifumo ya kompyuta, kazi ya kukaa kitini. Tangazo linasema wazi: daraja la juu tu.

Mwaka jana alikwenda mbele ya watahini na lifti ya kwenye karatasi. Walimkataa. Chuo huruhusu kujaribu mara mbili. Kesho ndiyo ya pili.

Programu yake ina kazi moja: lifti ikikosa abiria, iamue ikasubiri ghorofa gani. Imejifunza kwa kusoma kumbukumbu za siku tisini, kila kitufe kilichobonyezwa, wapi na saa ngapi. Saa moja asubuhi hukaa chini kungoja wafanyakazi. Saa saba huenda ghorofa ya tatu kuwangoja wauguzi wanaobadilishana zamu. Hapo huwa haibahatishi.

Ila ghorofa ya nne hakuna wodi. Kuna makabati ya mafaili ya zamani na stoo ya vifaa vya usafi. Nani anaishi huko hata lifti imkimbilie?

Jibu la kwanza linateremka ngazi likiwa na ndoo na fagio. Ni mke wa mdogo wake fundi, mfanya usafi wa ghorofa mbili za juu, mwanamke asiyejua kunong'ona.

"Wifi! Lifti yako imenitembelea tena. Imefungua mlango, imenitazama, nikaiambia karibu, ikanyamaza. Umeifundisha nini wewe? Hata salamu haina!"

"Niache, wifi. Leo maji yamenifika shingoni."

"Basi jifunze kuogelea, kesho si mbali," anacheka, na kumwekea mkono begani kidogo kabla ya kuokota ndoo yake.

Mchana kutwa fundi hakula. Alikagua nyaya, akakagua vitufe, akapanda juu ya paa mara nne huku magoti yakilalamika. Mitambo ilikuwa mizima. Saa tisa alasiri alikaa sakafuni kwenye chumba cha mitambo, akafungua zile kumbukumbu mstari kwa mstari.

Ghorofa ya nne ilikuwa na abiria mmoja. Mmoja tu, mwaminifu kuliko saa ya ukutani. Kila siku, saa nne na nusu, dakika moja mbele au nyuma, alibonyeza kitufe cha kushuka. Siku sitini na nane kati ya tisini.

Fundi akahesabu siku ambazo abiria huyo hakutokea. Jumapili zote kumi na mbili. Siku sita mfululizo mwezi wa pili wa kumbukumbu. Siku nne zilizotawanyika.

Hizo siku sita alizijua. Alikuwa likizo. Hizo nne alizijua zaidi, maana ndizo siku alizokwenda chuoni kufanya mitihani.

Anasema: "Nimemtafuta mchawi kijiji kizima, kumbe nalala naye. Kikulacho ki nguoni mwako."

Abiria wa ghorofa ya nne alikuwa yeye mwenyewe. Fundi alikuwa ameifundisha lifti tabia zake, na lifti, kwa utiifu wa mbwa, ilikuwa inamfuata bwana wake.

Mwandishi alipomuuliza huko juu kila siku alikuwa akifuata nini, alijibu neno moja, "Kazi," kisha akauliza kama picha zitakuwa za rangi.

Kufuta mistari sitini na nane ni suala la kubonyeza mara moja. Anakiri kidole kilisogea. Lakini watahini walikuwa na nakala ya kumbukumbu hizo tangu wiki iliyopita, na chuoni kugeuza data kimyakimya kuna jina lake: udanganyifu. Akaziacha zilivyo. Akaandika amri mpya ya kuiambia programu iziruke safari za fundi aliye kazini, na sababu yake akaiandika kwenye ripoti.

Saa nne asubuhi iliyofuata watahini wamesimama mbele ya lifti. Mwenyekiti wao ni mama mpole anayeandika kila kitu. Wa pili ni kijana anayetazama zaidi simu yake. Wa tatu ni mtahini wa nje, mzee mwembamba mwenye kalamu nyekundu, ambaye hajatabasamu tangu ashuke kwenye gari. Msimamizi yuko kando, funguo mkononi. Wifi naye anapiga deki palepale, sehemu ambayo tayari inang'aa.

Maswali yanaanza. Fundi anajibu la kwanza, la tano, la kumi, bila kumeza mate. Saa nne na nusu inafika. Macho yote kwenye lifti. Haiendi popote. Inapita dakika, inapita ya pili. Imetulia chini kama ilivyotakiwa. Msimamizi anashusha mkono wenye funguo.

Ndipo mzee wa kalamu nyekundu anafungua ripoti.

"Jana ilipanda ghorofa ya nne. Leo haipandi, kwa sababu umeiambia iruke safari sitini na nane. Unasema ni zako."

"Ndiyo, Profesa."

"Ulikuwa unafanya nini huko?"

"Nakagua mlango wa lifti. Unasumbua."

Mzee anamgeukia msimamizi. "Mna daftari la matengenezo?"

Msimamizi analo kwapani. Anapekua kurasa, anapekua tena. "Mlango wa ghorofa ya nne... umekaguliwa mara moja. Mwezi wa kwanza."

"Mara moja," anarudia mzee. Anavua miwani. "Bibi, nielewe. Simlaumu mtu kwa mlango. Lakini kama huwezi kunithibitishia kuwa abiria huyu ni wewe, basi mimi ninachoona ni mwanafunzi aliyeondoa data isiyompendeza. Hilo siwezi kulipitisha."

Kalamu nyekundu inashuka kuelekea kwenye karatasi. Fundi anafungua mdomo, anamtazama msimamizi, anaufunga. Miaka saba inaning'inia kwenye ncha ya kalamu ya mtu mwingine.

Fagio la deki la wifi linaanguka sakafuni, pwaa!

"Mlango gani, wifi? Mlango gani unaosumbua?"

"Wifi, tafadhali..."

"Tafadhali nini? Mficha uchi hazai! Baba, samahani, mimi si msomi. Huyu alikuwa anakuja kulala stoo kwangu. Saa nne anapanda, analala juu ya magunia ya mashuka, saa nne na nusu namwamsha, anashuka. Anaamka saa tisa alfajiri kusoma, unadhani ni chuma?"

Hata kijana wa simu ameinua uso.

"Kila siku?" anauliza mzee.

"Kila siku. Ila Jumapili, mimi na yeye hatuji. Na ile wiki ya likizo yake. Na siku zake za mitihani, nne hizo. Nazikumbuka kwa sababu siku hizo stoo ilikuwa na amani, hakuna wa kukoroma."

Mzee anapitisha kidole kwenye orodha ya kumbukumbu. "Sahihi," anasema. Anageuza ukurasa. "Sahihi. Sahihi." Anafunga ripoti. "Nimetahini miaka ishirini na sita. Nimeletewa grafu, nimeletewa majedwali. Shahidi aliye hai sijawahi kuletewa." Anamgeukia mwenyekiti. "Kwangu mimi amepita. Daraja la juu."

Mwenyekiti anaitikia kwa kichwa na kuandika. Fundi anashika ukuta kwa mkono mmoja. Wifi anapiga kigelegele ambacho hospitali hairuhusu.

Katikati ya kelele hizo, funguo zinalia polepole zikisogea karibu.

"Siku sitini na nane," anasema msimamizi, "kila siku nusu saa, saa za kazi. Wewe ndiye mtaalamu wa hesabu, fundi. Hebu nisaidie: hizo ni saa ngapi?"

Fundi alikuwa amejibu maswali kumi na tisa ya watahini bila kumeza mate. Hili la ishirini alilimezea mate mara mbili.

"Thelathini na nne," akasema wifi.