Kura ya Waya Mweusi

Sogea karibu, wewe unayenisikiliza, nikueleze polepole jinsi umeme wa gari ulivyopigiwa kura kule Ihanja. Usiogope, utaelewa, mimi mwenyewe nilielewa, ingawa kwa kuchelewa.

Kijiji cha ujamaa kilipewa Land Rover kuukuu, na redio yake ya kiwandani ilikuwa bado imo. Spika yake ilikuwa ndogo kama kisosi. Kamati ikataka masomo ya elimu ya watu wazima yasikike uwanja mzima. Tajiri wangu, Mhindi mwenye duka la redio pale Singida mjini, akaniazima amplifaya na spika ya tarumbeta.

"Fundi, hii irudi nzima," alisema. "Ikirudi mbovu, wewe usirudi."

Nilifungua boneti mbele ya kamati nzima. Magari mengi ya Kiingereza ya zamani yalikuwa na tabia yao: chanya ya betri ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, yaani bati la gari lenyewe. Hasi ndiyo iliyokwenda kwenye vifaa. Kwa hiyo amplifaya ilitakiwa ikae juu ya ubao, isiguse bati kwa kuwa ganda lake limeungwa na hasi, waya wake mwekundu, wa chanya, uende kwenye bodi na mweusi, wa hasi, kwenye hasi ya betri. Nikaeleza hivyo, mara mbili, kwa kijiti mchangani.

Mwenyekiti akakohoa. "Kijana, trekta letu waya mweusi uko kwenye bodi. Unataka kusema trekta linakosea?"

"Hapana, mzee. Trekta ni sawa. Gari hili ni tofauti."

"Tofauti!" akasema katibu. "Hapa tumekuja kufuta tofauti."

Mama mmoja wa kamati akacheka. "Labda gari halijahudhuria elimu ya watu wazima."

Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Mweusi kwenye bodi: wote. Betri haikuulizwa. Na mimi, niliyejua, nikajiambia kwamba mgeni habishani na wazee waliomlaza na kumlisha. Mkono ulioufunga ule waya ni wangu, si wa kamati.

Mwenyekiti akaniagiza niwashe. Amplifaya ikatoa mlio mfupi, kisha moshi. Masomo ya siku ile yakaishia hapo.

Kamati haikushindwa. Iliandika, kwa kauli moja, kwamba chombo kilikuwa kimechoka na safari. Katibu akagonga muhuri na kunikabidhi karatasi hiyo nimpelekee tajiri.

Tajiri aliisoma kwa utulivu, akafungua mfuniko wa amplifaya, akanusa.

"Ulijua?" akaniuliza.

"Nilijua."

"Basi kamati ikuajiri," akasema, akanirudishia karatasi na bisibisi yangu.

Kamati haikuajiri mafundi. Nikaanza kutengeneza redio barazani kwetu, na kila mteja mwenye gari nilimfundisha hili, nawe ulishike: kabla ya kuunga kitu, fuata kwa kidole waya mnene unaotoka kwenye betri mpaka kwenye bodi, kisha soma alama, ya chanya au ya hasi, iliyo kwenye nguzo ya betri ulikoanzia.